Mwanafunzi wa Kagera na Jua Linalochelewa



Iko hesabu moja ndogo ambayo kila mwalimu wa jiografia huifundisha, lakini ni nadra kuiona ikitumika pale ratiba ya shule inapopangwa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa muda wa saa 24; kwa hiyo kila digrii moja ya longitudo ina thamani ya dakika nne. Akaaye mashariki hulipata jua mapema, na akaaye magharibi hulisubiri. Mwanafunzi huijibu hesabu hiyo katika mtihani akapata maksi zake, kisha kesho yake huamka gizani kwenda shuleni, wala hakuna amwambiaye kwamba giza lile ndilo jawabu la hesabu aliyoifanya jana.

Saa ya Tanzania nzima, toka Mtwara hadi Ngara, imefungwa kwenye longitudo ya digrii 45 mashariki. Mstari huo haupiti katika Tanzania hata kidogo. Hupita karibu na Mogadishu, katika nchi ya Somalia. Dar es Salaam ipo karibu na digrii 39.3, na Bukoba ipo karibu na digrii 31.8. Basi kati ya Dar es Salaam na Bukoba pana tofauti ya digrii saba na nusu, yaani nusu saa nzima ya jua. Na kati ya Bukoba na mstari wenyewe wa saa pana tofauti ya dakika zipatazo 53. Muleba, iliyo kusini kidogo kando ya ziwa lile lile, ina hali hiyo hiyo.

Matokeo yake ni haya. Jua la Bukoba na Muleba, kwa wastani wa mwaka, huchomoza yapata saa kumi na mbili na dakika 50 asubuhi. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kidogo, likachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia mwishoni mwa Januari na katika mwezi wa Februari huchelewa hata saa moja na dakika chache. Huo ndio wakati watoto wa kidato cha kwanza wanapoanza kuijua njia mpya ya kwenda sekondari, wakiwa na sare mpya, mabegi mapya, na giza lile lile la zamani.

Lugha ya Kiswahili yenyewe hutoa ushahidi. Waswahili walihesabu saa kutoka macheo: saa moja maana yake ni kwamba jua limekwisha kuwa juu kwa muda wa saa moja. Katika pwani maneno hayo bado yana maana, japo si kamili. Lakini Bukoba, saa ya ukutani inaposema saa moja asubuhi, jua lenyewe linasema kwamba ndiyo kwanza ni saa kumi na mbili na dakika chache. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyeambiwa awe mstarini saa moja ameitwa mapema. Mwanafunzi wa Muleba aliyeambiwa hivyo hivyo ameitwa mapema zaidi kwa nusu saa, ingawa waraka uliowaita ni mmoja.

Yafaa kuutazama usiku wa mwanafunzi huyo. Na achukuliwe, kwa mfano, kijana wa kidato cha pili katika shule ya kutwa ya kata, akaaye kilometa sita kutoka shuleni, ng'ambo ya vilima viwili. Akitakiwa kuwa shuleni saa moja kamili kwa ajili ya usafi, lazima aondoke nyumbani saa kumi na mbili kasoro dakika 20, maana njia ya matope na milima haiendwi upesi. Ili anawe, avae, na pengine achote ndoo moja ya maji kabla ya kuondoka, lazima aamke saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Jioni hurudi akakuta kazi za kibanja, kuni, maji na ndizi za kumenya. Na ndizi si chakula cha kupikwa kwa dakika kumi. Nyumba inamaliza kula usiku umekwisha kuingia. Hapo ndipo anapowasha taa afungue daftari. Akilala saa nne na nusu, atakuwa amelala saa sita na dakika 20.

Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2016, walisema kwamba mtu wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa nane na saa kumi kila usiku ili awe na afya. Basi kijana huyo, hata kwa kipimo cha chini kabisa, anapungukiwa na saa moja na dakika 40 kila usiku. Kwa siku tano za masomo upungufu unafika saa nane na dakika 20. Kwa maneno mengine, kila juma la masomo mtoto huyo hupoteza usiku mmoja mzima. Kisha Ijumaa anaitwa mvivu.

Lakini je, kwa nini asilale mapema? Swali hilo huulizwa na wazazi wengi, na walimu pia, nalo linastahili jibu la kweli. Mwili wa kijana aliyebalehe si mwili wa mtoto mdogo, wala si mwili wa mzee. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Katika umri wa kubalehe homoni hiyo huchelewa kutoka, na ucheleweshaji huo unaweza kufika muda wa saa mbili ukilinganishwa na utotoni. Vile vile uchovu wa mchana hujikusanya polepole zaidi katika mwili wa kijana. Hivyo kijana anayesema saa tatu usiku kwamba hana usingizi hasemi uongo. Na kijana yule yule anaposhindwa kuamka saa kumi na moja alfajiri, hafanyi kiburi. Mwanasayansi Mary Carskadon wa Marekani alichapisha mwaka 1998 uchunguzi wa wanafunzi waliohama kutoka darasa lililoanza saa mbili na dakika 25 asubuhi kwenda darasa lililoanza saa moja na dakika 20. Hawakulala mapema zaidi ili kufidia. Walilala muda mfupi zaidi tu. Walipopimwa asubuhi, wengi walishikwa na usingizi katika dakika chache, kana kwamba bado ni usiku wa manane.

Liko jambo jingine linaloihusu Kagera pekee pamoja na mikoa mingine ya magharibi kama Kigoma. Saa iliyo ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Pale ambapo mwanga huchelewa kwa saa ya ukutani, mwili nao huchelewa. Na pale ambapo jua huchelewa kutua, shughuli za nyumba nazo husogea mbele. Bukoba jua hutua karibu saa moja kamili jioni, na katika Februari hupita saa moja na dakika kumi. Jamii huishi kwa jua jioni, lakini huishi kwa saa ya serikali asubuhi. Anayelipa tofauti hiyo ni mtoto wa shule.

Hilo si dhana tupu. India ni nchi pana yenye saa moja tu toka mashariki hadi magharibi, na mchumi Maulik Jagnani alichunguza jinsi tofauti ya jua inavyowagusa watoto wa nchi hiyo. Aligundua kwamba pale jua linapotua saa moja baadaye kwa saa ya ukutani, watoto hupoteza karibu nusu saa ya usingizi, kwa sababu hulala baadaye lakini kengele ya shule hailiangalii jua. Aligundua pia kwamba watoto hao husoma kwa miaka michache zaidi, na kwamba hasara huwa kubwa zaidi katika nyumba za watu maskini. Mwenye nyumba kubwa humpa mtoto chumba chenye utulivu. Asiye nayo humlaza mtoto katika chumba ambamo bado watu wanazungumza. Hapana shaka kwamba mwalimu yeyote wa Muleba anazifahamu nyumba za namna hiyo.

Usingizi unaopungua hauishii katika kusinzia darasani. Ubongo huyapanga mambo yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala. Asiyelala vya kutosha husoma akasahau. Kinga ya mwili hupungua nguvu, hasira huwa karibu, na moyo huwa mzito. Tena pana suala la malaria. Muleba imetoa mchango mkubwa duniani katika vita dhidi ya ugonjwa huo: huko ndiko vilikofanyiwa majaribio vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa kemikali ya PBO, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliwakinga watoto vizuri zaidi kuliko vile vya kawaida. Lakini chandarua humkinga aliye ndani yake. Mbu wa malaria huuma usiku hata alfajiri. Na mtoto anayetolewa kitandani saa kumi na moja kasoro, akakaa uani akioga na kuosha vyombo gizani, ametolewa katika kinga ambayo fedha nyingi na utaalamu mwingi vimetumika kuipata.

Kadhalika iko hatari ya njiani. Mvua kubwa za upande huu wa ziwa aghalabu hunyesha usiku na alfajiri, na miezi ya Machi hadi Mei ndiyo mibaya zaidi. Mtoto hufika akiwa amelowa, hukaa katika sare mbichi hata saa nne, halafu hukohoa juma zima. Msichana anayetembea peke yake kati ya migomba kabla ya kupambazuka hukutana na hatari ambazo kila mzazi anazijua ingawa wengi hawazitaji. Mwenye pikipiki anayemwambia, "Panda, utachelewa," hamfanyii hisani kila mara. Giza na hofu ya adhabu ya kuchelewa ndivyo vinavyompandisha. Laiti angekuwa anatembea kukiwa na mwanga, pamoja na wenzake na watu waendao shamba, neno hilo la lifti lisingekuwa na nguvu juu yake.

Mkoa huu una kumbukumbu ya pekee kuhusu afya ya wanafunzi, nayo yafaa kutajwa kwa uangalifu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka pasipo kuweza kujizuia. Hali hiyo iliwashika wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana walipopelekwa makwao, jambo lilienea mpaka Nshamba, likawashika watu 217, wengi wao vijana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakupata sumu katika chakula wala mdudu wa maradhi katika damu. Walimu hawakushikwa, walishikwa watoto. Hapana aliyethibitisha kwamba chanzo kilikuwa kukosa usingizi, na haifai kusema hivyo leo. Wachunguzi wengi wa baadaye wamelieleza kuwa ni mzigo wa moyo uliotafuta njia ya kutokea. Funzo lililobaki ni hili: mwili wa kijana ukibanwa husema, na usipopata maneno husema kwa njia nyingine. Wa Kashasha ulicheka. Wa leo husinzia, hukasirika, huugua kichwa kila Jumatatu, au huacha shule kimya kimya.

Si mbali kupata mfano wa nchi iliyolitazama jambo hili. Rwanda, iliyo ng'ambo ya mto Kagera, hutumia saa iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa moja kamili. Jua linalochomoza Rusumo upande wa Ngara ndilo linalochomoza Rusumo upande wa pili. Ila Ngara husema ni saa kumi na mbili na dakika hamsini na kitu, na Rwanda husema ni saa kumi na moja na dakika hamsini na kitu. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi, na kazi za ofisini saa tatu, kwa ajili ya ubora wa elimu na hali njema ya familia. Saa mbili na nusu ya Rwanda ni saa tatu na nusu ya Kagera. Basi mtoto wa ng'ambo huingia darasani jua likiwa limekwisha kuwa juu kwa muda wa saa mbili na nusu, na mtoto wa ng'ambo hii huwa mstarini likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Mto ni mmoja na jua ni moja.

Kenya nayo, katika kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, ilitaja kuwa muda wa masomo darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Huko Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu, na jimbo la California liliifanya saa hiyo kuwa sheria kwa shule zake za sekondari kuanzia Julai 2022. Mji wa Seattle ulitangulia: mwaka 2016 ulisogeza masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasoro robo. Wachunguzi walipowapima wanafunzi, waliwakuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku. Wale waliotabiri kwamba vijana wangekesha zaidi ili kuufidia muda ule hawakupata ushahidi.

Lakini haki ya hoja ni kusikiliza upande wa pili, na upande wa pili una mambo mazito.

La kwanza ni la malezi. Wako wasemao kwamba kuamka mapema ndiko kulikowalea wazee wa nchi hii, na kwamba biashara ni asubuhi. Ni kweli kwamba mtu mvivu hajengi taifa. Lakini mkulima huamka na jua, na mkulima wa Kagera hajapata kulima kibanja gizani. Hungoja aone shina la mgomba asije akalikata. Mtoto ndiye peke yake anayetakiwa kulitangulia jua, tena kwa kazi ya akili, ambayo ndiyo inayohitaji mwanga kuliko zote. Nidhamu ni kufika kwa wakati uliowekwa. Haidai kwamba wakati wenyewe uwekwe vibaya.

La pili ni la mwisho wa siku. Shule ikianza baadaye itatoka baadaye, na mtoto atachelewa kula, kwa kuwa si shule zote za kutwa zinazotoa chakula cha mchana. Na kazi za nyumbani zitaachwa. Hoja hii ina nguvu. Jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuchelewesha masomo mwaka 2023, na mwaka 2025, kabla sheria hiyo haijaanza kutumika, ikaifuta, kwa sababu ya gharama na usumbufu wa mabasi na ratiba za wazazi. Lakini Kagera haina mabasi ya shule ya kupangwa upya kwa wanafunzi wa kata. Ina miguu ya watoto. Tena muda mwingi wa asubuhi shuleni si muda wa masomo. Uko usafi, uko mstari, iko kuhesabu namba, na iko adhabu ya waliochelewa, ambayo nayo huwachelewesha wote wawili, mwadhibiwa na mwalimu wa zamu. Usafi ukihamishiwa mwisho wa masomo, na mstari ukafupishwa, nusu saa na zaidi itapatikana pasipo kugusa kipindi hata kimoja. Madarasa yatasafishwa jioni, na asubuhi yatakutwa safi.

La tatu ni la mitihani. Mzazi huogopa kwamba mtoto wa Kagera atabaki nyuma ya wenzake wa mikoa mingine. Lakini mitihani ya taifa ya kidato cha nne, katika ratiba yake ya asubuhi, huanza saa mbili. Mwanafunzi aliyezoea kuanza kazi ya akili saa mbili, akiwa amelala, hatapungukiwa siku hiyo. Atakayepungukiwa ni yule aliyeamshwa saa tisa usiku kwa miezi miwili katika kambi ya mitihani, akafika chumba cha mtihani kichwa chake kikiwa kimechoka kuliko kalamu yake.

La nne ni la watumishi wenyewe. Ofisi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu, na mtumishi wa Bukoba mjini hupenda kumwacha mtoto shuleni akielekea kazini. Jibu ni kwamba lango la shule laweza kufunguliwa mapema kwa mwenye haja, na mwenye kufika akae darasani asome au apumzike, bila kumlazimisha aliye mbali aje saa ile ile. Aliye karibu asiwe kipimo cha aliye mbali.

La tano ndilo gumu kuliko yote, nalo halitokani na shule bali na nyumba. Saa itakayopatikana itakuwa ya nani? Ikiwa shule itamwachia mtoto dakika 45 za asubuhi, na mzazi akazichukua kwa ndoo mbili zaidi za maji, au kwa kubeba ndizi gulioni, mtoto hatakuwa amepata kitu. Kwa wasichana hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoamshwa kwanza na kulala mwisho. Kwa wavulana wa mwaloni na wa visiwa vya Muleba kama Bumbire na Ikuza, iko kazi ya dagaa katika usiku wa giza. Na msimu wa senene unapofika, mtaa mzima hukesha kwa furaha, na watoto ndio walio mbele. Hapana mtu mwenye busara atakayepiga marufuku senene Kagera. Ila yafaa mzazi ajue kwamba usingizi wa mtoto ni sehemu ya ada ya shule. Ada ya fedha iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016; ada ya usingizi haiwezi kuondolewa na waraka wowote, lazima ilipwe nyumbani.

Basi ni jambo gani linalowezekana? Si lazima kubadili saa ya taifa, wala si lazima kungoja sheria mpya. Panahitajika ruhusa ya mamlaka za elimu, na moyo wa kujaribu. Halmashauri za Bukoba na Muleba zinaweza kuchagua kata chache, za mjini, za vijijini na za kando ya ziwa, zikakubaliana mambo manne. Kwanza, kipindi cha kwanza cha sekondari kisianze kabla ya saa mbili, na mwanafunzi asidaiwe kufika kabla ya saa mbili kasoro robo. Pili, usafi na kazi za mikono vihamishiwe baada ya masomo, na masomo ya ziada ya alfajiri yakome. Tatu, katika mabweni taa zizimwe saa nne usiku, na kengele ya kuamka isilie kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ili saa nane ziwepo kweli. Nne, mikutano ya wazazi izungumzie saa ya kulala kama inavyozungumzia michango.

Kisha vipimo viwekwe, na vipimo hivyo vipo tayari shuleni. Daftari la mahudhurio litaonyesha waliochelewa na wasiofika. Mwalimu wa darasa anaweza kuhesabu wanaosinzia katika vipindi viwili vya kwanza, mara moja kwa juma. Zahanati ina orodha ya waliougua. Matokeo ya mihula yatalinganishwa na ya mwaka uliotangulia, na ya kata ambazo hazikubadili kitu. Baada ya mwaka mmoja ukweli utajulikana, na ukweli huo utakuwa wa Kagera wenyewe, si wa Seattle wala wa Kigali. Ikionekana kwamba hakuna faida, ratiba itarudi ilivyokuwa, na gharama itakuwa ndogo.

Wala haifai kumdanganya mtu kwamba jambo hili litaponya kila kitu. Yule kijana wa kilometa sita, akidaiwa kufika saa mbili kasoro robo badala ya saa moja, ataamka saa kumi na moja na dakika 35. Atalala saa saba na dakika tano badala ya saa sita na dakika 20. Bado atakuwa chini ya saa nane. Nyumba yake ikimruhusu kulala saa nne kamili, atafika saa saba na dakika 35. Kilichobaki ni umbali, na dawa ya umbali ni shule za karibu zaidi, mabweni na hosteli. Lakini dakika 45 kila siku, kwa mwaka wa siku 194 za masomo, ni zaidi ya saa 145. Hakuna mwalimu atakayeziita saa hizo ndogo kama zingekuwa za kufundishia. Nazo ni za kufundishia, maana asiyelala hafundishiki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa dakika 53 tu, baina ya saa ya ukutani na jua la Kagera. Katika ufa huo watoto hupita kila asubuhi, wakiwa na tochi mkononi na viatu vyenye matope. Walimu ndio wanaowapokea, na watumishi wa umma ndio wanaoandika saa ya kuwapokea. Februari nyingine inakuja, na jua halitawahi. Saa ya darasa ndiyo inayoweza kusogezwa.